Kamelia Lamu? Mie nimejaribu, nimeshindwa

Dadangu mdogo ameolewa Limuru. Mwaka juzi nilipoenda kumtembelea nikakuta mlangoni kwake kichaka kirefu kama mimi, majani yake kijani ile iliyoiva, yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta, halafu maua mekundu, petali juu ya petali, mpaka nikadhani ni ya plastiki. Nikaligusa moja. Kumbe la kweli. Akaniambia hiyo ni kamelia, na hapo hapo tamaa ikaniingia, nikasema lazima hii kitu niipande kwangu Lamu watu washangae.

Basi nikanunua mche, nikautia kwenye ndoo kuu kuu ya rangi, nikaubeba mapajani kwenye basi kutoka Nairobi mpaka Mokowe, na kwenye boti kila mtu anauliza eti huo ni mti wa matunda gani. Nikaupanda kiwandani, yaani pale katikati ya nyumba penye uwazi, kivuli kipo, upepo wa bahari haupigi sana. Nikajiona fundi.

Kama mwezi na nusu hivi majani yakaanza kugeuka manjano, lakini mishipa yake imebaki kijani, ukiliinua jani juani waona kama ramani ya mito. Halafu kingo zikawa kahawia, zakatika ukizishika kama karatasi iliyoungua. Vilikuwepo vitumba viwili. Kimoja kilidondoka kikiwa kama punje ya mbaazi, cha pili nikakisubiri kwa hamu mpaka nacho kikaenda. Mie kwa ujuaji wangu nikaongeza samadi mbichi ya punda (Lamu hiyo haijawahi kuadimika), na nadhani hapo ndipo nilipoumaliza kabisa, manake mizizi ya kamelia iko juu juu, haiendi chini sana, na samadi mbichi inaunguza.

Nikaja kuuliza na kusoma baadaye, kama kawaida yetu. Kamelia inataka udongo wenye asidi, pH (kile kipimo cha asidi) 5.5 hadi 6.5 hivi. Sasa Lamu udongo gani huo? Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kiwandani ukichimba kidogo tu ni vifusi vya chokaa na mchanga wenye makombe. Kwenye udongo kama huo madini ya chuma yanaweza kuwepo lakini mzizi hauwezi kuyachukua, ndio ile manjano. Na maji ninayomwagia ni ya kisima, yana chumvi mpaka chai ukipika wajua. Juu ya hayo mti wenyewe ni wa Japani na Uchina, umezoea msimu wa baridi, sisi hapa baridi yetu ni ya kusi, mtu avaa sweta asubuhi saa kumi na mbili saa tatu ashaivua.

Halafu kuna jambo ningelijua mapema nisingehangaika. Majani ya chai tunayokunywa kutwa pale barazani, jina lake la kitaalamu ni Camellia sinensis. Ni ukoo mmoja! Chai ilianza kupandwa Kenya mwaka 1903, huko huko Limuru. Sasa wewe tazama chai yalimwa wapi: Kericho, Nandi, Murang'a, kote kuna baridi na mvua na udongo mwekundu. Mie sijasikia mtu aliyewahi kulima chai Lamu, sasa huyu nduguye nilitaka aishi kwa dua?

Wajerumani wao wana mti mmoja wa kamelia huko Pillnitz, karibu na Dresden, ulipandwa pale mwaka 1801 na bado uko hai, kila baridi ikija wanausogezea nyumba nzima ya vioo kuufunika. Wana pesa na wana subira, hongera zao. Mie nijenge friji ya kuingiza mti?

Lakini lililonimaliza hasa ni mamangu. Mche ukiwa bado mzima nilimwonyesha picha ya lile ua la Limuru kwenye simu, akalitazama sana, akaniuliza, "Lanukia?" Nikamwambia halinukii mama, mengi ya haya makubwa hayana harufu. Akanirudishia simu. "Basi, mwanangu, la nini?"

Nilicheka lakini nimelifikiria sana swali lile. Kamelia ni ua la nyumba iliyo wazi, mpita njia alione akiwa barabarani asifu. Nyumba ya Lamu imegeuzia mgongo njia, ukuta mrefu, mlango umefungwa, nani ataona petali zangu? Ua letu lazima lipande ukuta kwa harufu. Msumini ukifungua jioni, mtu anayepita kichochoroni na punda wake ajua nyumba hii ina asumini bila kuona hata jani. Kilua moja ndani ya kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, na chumba kizima kimekolea. Na naona watu siku hizi, hata Malindi kwenye hizi nyumba mpya, wanang'oa misumini na milangilangi waweke vichaka vya katalogi, vinapigwa picha wiki ya kwanza, wiki ya sita viko kama wangu. Yaani inaniuma.

Ukitaka kweli kweli, basi panda kwenye chungu, udongo uuagize bara, maji ya mvua peke yake, jua la asubuhi tu, na usiuzike shina chini, juu ya mizizi pabaki sawa na udongo au juu kidogo. Kuna aina ya sasanqua, hiyo yavumilia jua na joto kuliko japonica, ile kamelia ya kawaida. Hata hivyo mie siahidi kitu.

Ile ndoo ya rangi haikukaa bure. Mke wangu alimwaga mizizi mikavu akapanda rehani, na jana nimeipita nikaigusa kwa bega tu, kanzu ikanukia mpaka msikitini.