Uraka, bodaboda na dodoso: Kusini tuhesabu nini?

Mwaka 2012 zilikamatwa mkoani Lindi zaidi ya kilo 200 za heroini. Tangu hapo, kila dawa za kulevya zinapotajwa ukanda huu hakosekani mtu wa kuikumbushia shehena ile, utadhani ndiyo picha ya ulevi wa Kusini, yaani Lindi na Mtwara. Shehena ya baharini inaeleza njia ya wafanyabiashara wanaoshusha mzigo pwani ya Afrika Mashariki na Msumbiji kabla haujaenda mbele. Haisemi chochote kuhusu kijana wa Ruangwa anayevuta bangi kabla ya kuwasha pikipiki, wala baba wa Newala ambaye tangu mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayotengenezewa pombe, yaanze kuanguka hajarudi nyumbani akiwa timamu.

Ndiyo maana watafiti wa afya ya jamii wanasisitiza twende majumbani. Chagua kaya kwa bahati nasibu, hoji watu wazima waliomo, aliyewahi kukanyaga hospitali na asiyewahi, ndipo utajua matatizo ya akili, ulevi na majeraha yameenea kiasi gani. Wanaowapinga, na wengi wao ni wahudumu wa afya, wana jibu fupi: hizo fedha za kuhesabia wagonjwa tununulieni dawa, maana hata hawa tulionao hatuwamudu. Mimi naona ubishi huu unakosewa pale matatizo yote matatu yanapotiwa kapu moja. Kwa majeraha, watafiti wameshinda. Kwa afya ya akili, nasita.

Tuanze na majeraha. Kijana anaanguka na bodaboda usiku, amelewa, leseni hana. Mguu umevunjika. Akienda hospitali ataulizwa PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, na PF3 inatoka polisi, ambako atatakiwa kueleza alikuwa anaendesha nini, kwa kibali gani, na ile harufu mdomoni ni ya nini. Sheria haizuii dharura kuhudumiwa kwanza, ila maelezo hayo hayafiki vijiweni. Ndugu zake wanampeleka kwa mzee anayeunga mifupa. Atachechemea maisha yake yote na hatakuwamo katika kitabu chochote cha serikali. Mwenzake aliyefika zahanati ataandikwa kwenye rejista ya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za afya, kwamba ana jeraha la mguu. Pikipiki haimo, pombe haimo, saa ya ajali haimo. Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi naye ataandikwa vivyo hivyo, na aliyeumwa na nyoka huenda kamaliza matibabu kwa mganga. Anayepanga bajeti ya afya ya mkoa kwa kutegemea vitabu hivyo anawaona waliofika tu, tena hajui kilichowaleta.

Kwamba kuhesabu majeraha kunaweza kuleta jibu la kufanyia kazi, Kusini tuna ushahidi wetu, na ni wa simba. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa Craig Packer na wenzake: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na Lindi ni miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Ingeishia hapo, ingekuwa habari ya kutisha na basi. Lakini walipopanga matukio kwa miezi na mahali, waliona mashambulizi yakiongezeka wakati wa mavuno, wakulima wanapolala kwenye madungu, vibanda vya shambani, kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Simba walikuwa wakiwafuata nguruwe, na nguruwe wakiyafuata mahindi. Baadaye Hadas Kushnir na wenzake waliwahoji wanavijiji wa Rufiji na Lindi, wakalinganisha maisha ya walioshambuliwa na ya wengine. Hapo mwenye kuleta kinga anajua pa kuanzia: nguruwe, dungu, na ile miezi michache ya hatari. Hakuna rejista ya wodi ambayo ingemtajia nguruwe.

Kwenye pombe mambo yanachanganyika. Dodoso linalotumika sana, lile la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani, linauliza unakunywa mara ngapi na siku ya kunywa unamaliza vipimo vingapi. Kipimo chenyewe kinakadiriwa kirahisi kwa chupa ya bia au glasi ya mvinyo. Sasa mpeleke mhojaji kwenye kilabu cha uraka, pombe ya mabibo yaliyochachuka, Tandahimba mwezi wa kumi na moja. Uraka umo ndooni, kata ya kunywea inazunguka. Mmoja anapiga mafunda mawili anampa mwenzake, mwingine anatoka nje, anarudi na kudai zamu yake imerukwa. Uraka wa asubuhi una nguvu moja, na wa jioni wa ndoo hiyo hiyo una nyingine, kwa kuwa bado unachachuka. Ukimuuliza mnywaji kamaliza glasi ngapi atakutajia namba yoyote itakayokuridhisha uondoke. Ukiuliza nipa, ile ya mabibo inayotoneshwa kama gongo, na huku mhojaji kaletwa na mtendaji wa kijiji, kijiji kizima hakinywi.

Kuna pia suala la msimu. Mabibo yanaanguka kuanzia kama Oktoba hadi mwisho wa mwaka, na fedha za korosho zinaingia katika miezi hiyo hiyo. Ni wakati wa pombe ya bei rahisi, pikipiki mpya na madeni ya zamani kulipwa. Utafiti wa Julai utakuta watu wanahangaika na salfa ya kupulizia mikorosho mashambani na mfuko mtupu, utarudi na ripoti kwamba Mtwara ni mkoa wa watu watulivu. Wa Desemba utakuta mkoa mwingine. Kasoro hii inarekebishika, lakini dawa yake ni kurudi kwenye kaya zile zile mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni gharama maradufu, na nadhani wafadhili wengi watapenda kuikwepa.

Kwenye afya ya akili ndiko ninakotofautiana na watafiti, na sitaki nionekane ninadharau kazi yao. Mwaka 2004 ulitoka ulinganisho mkubwa wa nchi mbalimbali uliofanywa chini ya Shirika la Afya Duniani kwa dodoso moja. Marekani, waliokuwa na tatizo la akili ndani ya miezi 12 walikuwa asilimia 26.4, Nigeria asilimia 4.7. Dar es Salaam nako, utafiti wa Rachel Jenkins na wenzake uliochapishwa 2010 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa takriban asilimia 3 ya waliohojiwa. Unaweza kuamini kwamba Mnigeria ana utulivu wa moyo mara tano ya Mmarekani. Au unaweza kushuku, kama walivyoshuku watafiti wenyewe, kwamba kuna watu hawamwambii mgeni mwenye kishikwambi yaliyo moyoni.

Dodoso la sonona la maswali tisa linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: ulikosa usingizi, ulikosa hamu ya kula, ulijiona umeshindwa maisha? Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo. Mkulima wa Nanyamba aliyekuwa anadaiwa ada ya mtoto angejibu ndiyo karibu kwa kila swali. Malipo yakiingia, usingizi unarudi. Takwimu za wakati ule zingekuwa zimempima nani, mgonjwa au mdaiwa? Swali la tisa linagusa mawazo ya kutaka kufa, na Kanuni ya Adhabu yetu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka katiba. Huku kwetu, aliyejaribu akanusurika ana kila sababu ya kunyamaza.

Watetezi wa utafiti watanijibu, na jibu lao ni zito. Kwanza, wakubwa wa bajeti hawagawi fedha kwa huruma. Pasipo namba, afya ya akili hubaki mstari wa mwisho. Pili, makadirio ya dunia kuhusu nchi yetu yanatokana kwa sehemu kubwa na mahesabu ya kompyuta yanayoazima takwimu za kwingineko, kwa hiyo kukataa kuhesabu ni kukubali kuhesabiwa na wengine. Tatu, watu husema wakiulizwa vizuri. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambamo wanawake walihojiwa faraghani, ulikuta asilimia 41 ya waliowahi kuwa na mwenzi Dar es Salaam, na 56 Mbeya, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Polisi hawajawahi kuwa na namba inayokaribia hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonitikisa. Hata hivyo, kumpatia mwanamke mahali pa faragha kunawezekana kwa mhojaji mwenye mafunzo na subira, lakini akisema ndiyo kwenye swali la tisa akiwa Liwale ndani, unampeleka wapi? Hospitali ya mkoa, Sokoine, iko Lindi mjini. Ligula, ya mkoa jirani, iko Mtwara mjini. Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Dodoma. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba katika nchi maskini, zaidi ya robo tatu ya wenye matatizo ya akili hawapati tiba. Kujua kama Lindi ni asilimia 4 au 11 hakubadilishi uamuzi wa mwaka huu: wauguzi hawatoshi kwa vyovyote.

Kwa magonjwa makali ipo njia ya bei nafuu. Butajira, Ethiopia, watafiti waliopima watu zaidi ya 68,000 walichanganya kupita nyumba kwa nyumba na kuwauliza wenyeji wanaowafahamu majirani zao, na wagonjwa waliopatikana walifuatiliwa kwa miaka. Mwenyekiti wa kitongoji Kusini anamjua aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba, na anamjua mwenye kifafa aliyeungua motoni. Orodha yake inampa muuguzi mahali pa kuanza kesho.

Uwezo wa kupita kila mlango tunao. Mwaka 2007, katika wilaya tano za Nachingwea, Lindi Vijijini, Ruangwa, Newala na Tandahimba, zilihojiwa kaya zaidi ya laki mbili kwa ajili ya utafiti wa afya ya mama na mtoto. Kazi ile ilikuwa na huduma inayopimwa nyuma yake, na hiyo ndiyo tofauti ninayoidai.

Kwa hiyo ningeunga mkono utafiti wa kaya wa majeraha na pombe kwa pamoja, maana aliyeanguka na pikipiki na aliyekuwa kilabuni mara nyingi ni mtu mmoja. Ufanyike mara mbili kwa mwaka, mara moja mabibo yakiwa chini, na mhojaji asiongozane na mtendaji. Upimwe na uraka wenyewe kwa kata na ndoo ya pale. Maswali ya akili yaingie tu pale penye muuguzi aliyefundishwa anayefikika kwa nauli ya bodaboda, na kamati ya maadili ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iwe na ujasiri wa kurudisha andiko lisilotaja muuguzi huyo ni wa zahanati gani. Fedha zikitosha kazi moja tu, nianze na majeraha.