Muulizeni na habari za chumbani

Wifi yangu alinijia Jumapili moja jioni hapa Nyalenda, akakaa jikoni kwenye stuli, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kaka yangu ana mwanamke nje. Miezi saba alikuwa hajamgusa. Kaka alikuwa ameacha unga, yaani heroini, anakunywa methadoni, dawa ya kliniki ya kumsaidia asiurudie, kila asubuhi, amerudi kwenye bodaboda na pesa ya chakula inaingia. "Wifi, ameshapona, mbona hanitaki?"

Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini. Hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana dozi moja huzuia arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, hadi kesho yake. Lakini dawa za ukoo huo, zikitumika kila siku, huibana sehemu ya ubongo inayoziamuru korodani zitengeneze testosteroni. Homoni ikishuka, hamu hupotea na jogoo hawiki. Wengine huchelewa mno kufika kileleni. Unga nao hufanya vivyo hivyo, ila mtu akiwa mtaani anatafuta kete, nani atajali? Wanawake wanaotumia dawa hii hupoteza hamu, na hedhi yao huvurugika. Na hedhi ikikatika isimdanganye mtu, mimba bado yaweza kuingia.

Kumbe kaka alikuwa anajua. Aliambiwa na wenzake kijiweni, akaanza kuruka siku za dawa kimyakimya ili mwili urudi. Hilo ndilo linaloniuma. Anayeacha methadoni, mwili wake husahau kuhimili. Akirudia unga kwa kipimo cha zamani anaweza kukata pumzi palepale. Ndugu yangu alikuwa anachezea uhai wake kwa kushindwa kutamka jambo moja pale dirishani kliniki anapopewa dawa, foleni nzima ikiwa nyuma yake na muuguzi akiwa rika la binti yake. Wala simlaumu. Kila mwezi alikuwa akiulizwa kuhusu choo, jasho na usingizi. Habari za chumbani hakuulizwa hata siku moja.

Naona kimya hicho ni kosa la kliniki kabla ya kuwa la mgonjwa. Siku mtu anapoandikishwa aambiwe waziwazi, na mwenzake aambiwe pia akikubali. Aulizwe tena kila anapoonana na daktari, ndani ya chumba chenye mlango. Msaada upo: testosteroni hupimwa kwa damu ya asubuhi, dozi yaweza kushushwa polepole, na kuna buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, ambayo kwa kawaida haishushi homoni hiyo kama methadoni. Tena huenda kisa si dawa peke yake. Sigara, pombe, kisukari, presha na huzuni vyote huzima mwanamume. Ila vidonge vya nguvu vinavyouzwa sokoni asiviguse bila daktari kujua anachotumia, maana methadoni yenyewe yaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Nilimweleza wifi yote haya, akalia, kisha akacheka kwa ahueni. Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili. Yeye ndiye aliyeanza kusema, kaka akitazama sakafu. Daktari akainuka, akafunga mlango, akaandika kipimo cha damu.

Chumbani mambo bado yanasuasua. Lakini hajaruka dozi tena, na wifi hamvizii tena simu yake.