Vyumba vya darini Bukavu: kupanda juu au kuchimba mteremko?

Parseli za Bukavu zinazidi kukatwa vipande. Mzee aliyepata kiwanja kikubwa kule Panzi au Nyalukemba aliwagawia wanawe, wana wakauza upande mmoja, na anayejenga leo anajikuta na mita 10 kwa 15, watoto saba, wapwa wawili waliotoka Mwenga kuja kusoma, na koko, bibi au babu, ambaye vita vimemkatisha tamaa ya kurudi kijijini. Aneksi ya vijana nyuma ya nyumba, ambayo kila familia ilikuwa ikiitegemea, haina tena pa kusimama. Hapo ndipo baba anainua macho na kuuliza kwa nini nafasi yote ile chini ya paa iachiwe panya.

Swali ni zuri, ila jibu lake linategemea limeulizwa lini. Likiulizwa kabla ya msingi, linaweza kuwa ndiyo. Likiulizwa mabati yakiwa yameshapigwa misumari, mara nyingi ni hapana, hata fundi akiapa kwamba inawezekana.

Tupige hesabu. Nyumba ina upana wa mita 8 na urefu wa mita 10. Paa la mwinamo wa digrii 20 linainuka katikati mita 1.46 tu, hapo hata mtoto wa shule ya msingi atainama. Ukilipandisha hadi digrii 40, katikati unapata mita 3.36, lakini sehemu ambayo mtu mzima anatembea wima, tuseme mita 2.10 kwenda juu, ni ukanda wa mita 3 tu katikati ya nyumba. Faida kubwa inakuja ukiinua na kuta za pembeni mita 1 juu ya sakafu ya dari. Ukanda unafika mita 5.40, na kule pembeni paa linakoshuka vinaingia vitanda na masanduku ya nguo. Bei yake ni mabati karibu asilimia 23 zaidi ya yale ya paa la digrii 20, pamoja na safu kadhaa za matofali na mbao ndefu zaidi. Ukilinganisha na kununua parseli nyingine mjini, hiyo si bei ya kukimbia.

Sakafu ndiyo inayoficha gharama. Mbao za plafo, yaani dari ya kawaida, zimewekwa kubeba triplex, zile mbao nyembamba za tabaka, na waya wa taa. Sakafu ya kulala watu hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo boriti zake ni za aina nyingine na zinapaswa kukaa juu ya ukuta wa ndani uliopangwa hapo tangu kwenye msingi. Ngazi nayo inakula. Kwa kimo cha mita 2.80, yenye vidato 16 vya sentimita 17.5, inahitaji urefu wa mita 4 na zaidi. Ikiwa na upana wa sentimita 90, umepoteza mita za mraba karibu 4 chini, na tundu lake juu. Anayetaka chumba kimoja tu cha darini kwa hiyo amefanya biashara mbaya. Ngazi inalipa kuanzia vyumba viwili, na vitatu ni bora.

Kuhusu joto, Bukavu imebahatika. Jiji liko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku mtu anatafuta blanketi. Chumba kinachochemka saa nane mchana kimeshapoa watoto wanapopanda kulala. Lubumbashi, ambako Oktoba inachoma hata kivulini, ningemshauri mtu aachane kabisa na wazo hili. Hapa shida iko alfajiri: bati linapoa kupita hewa ya ndani, pumzi za watoto watano zinageuka maji chini yake, na matone yanaangukia godoro. Dawa ni kuacha nafasi ya hewa ya sentimita 5 hivi kati ya bati na triplex, iwe wazi chini kwenye ukingo na juu kwenye kilele. Mafundi wengi huziba kote wakidhani wanazuia baridi.

Kelele ni jambo jingine, na hapa wapinzani wa dari wana hoja nzito. Mvua inanyesha tangu Septemba hadi Mei, na ngurumo zake si za kawaida. Uchunguzi wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, jirani yetu wa mlango kwa mlango, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mimweko 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mtoto anayelala sentimita chache chini ya bati atazisikia zote. Vijana huzoea. Mtoto mchanga hazoei, na mama yake pia hazoei kupanda ngazi mara nne usiku.

Wanaoipinga dari husema heri kuchimba: mteremko tunao, tukate udongo tupate vyumba viwili chini ya salo, yaani sebule. Kweli, nyumba nyingi za Ibanda na Kadutu zina chumba cha aina hiyo, koko anaingia bila kupanda, na usiku ni kimya. Ila ukuta wa nyuma unasukumwa na udongo, na mvua ikishiba ardhi unasukumwa na maji pia. Bila ukuta imara wa kuzuia na mfereji wa kuyatoa maji, chumba kinakuwa na ukungu ndani ya misimu miwili, na kila anayekata mteremko anamlegezea jirani wa juu. Tazama Funu: mlima ule unahama polepole na nyumba zikiwa juu yake, na utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa mji wenyewe kumeuharakisha. Goma hawana hata mjadala huu. Chini yao ni jiwe la volkano, na katika mabonde ya magharibi mwa mji mazuku, ile gesi nzito inayoua, hutulia kwenye mashimo.

Mimi naegemea dari, nikiwa na hofu moja ambayo siisikii ikisemwa. Paa kali linataka pembetatu kubwa ya ukuta kila upande, na kwa nyumba yetu ya mfano pembetatu hiyo, pamoja na ile mita 1, inapita mita 4 juu ya dari. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, tetemeko la 5.9 lilitikisa Bukavu na jirani zetu wa Rusizi, upande wa Rwanda. Katika tetemeko, pembetatu ya matofali isiyofungwa ni kati ya vitu vya kwanza kuanguka, na safari hii chini yake kuna kitanda. Ama izungushiwe shenaji, yaani mkanda wa beto wenye nondo, inayofuata mwinamo, ama ijengwe kwa mbao. Nachagua mbao, maana ni nyepesi. Na mbao zinaungua, najua. Wa Kadutu hawahitaji kufundishwa habari za moto. Basi dirisha la pembetatu liwe kubwa la mtu kupita, bila vyuma vya kudumu, na mbabula, jiko la mkaa, isiwashwe ndani kamwe. Moshi wa mkaa hupanda na joto kwa njia ya ngazi, na gesi yake inayoua haina harufu ya kumwamsha aliyelala.

Nani basi alale juu? Vijana na wanafunzi. Koko abaki chini, na mkwe akija hakuna atakayemwambia apande. Wasichana na wavulana watenganishwe kwa ukuta wa kweli, kwa kuwa pazia chini ya paa halitoshi. Chumba cha wazazi kisiwe chini ya miguu ya watoto, maana sakafu ya mbao haifichi sauti, iwe ya kwenda juu au ya kushuka. Choo kitabaki chini, kwa sababu maji ya bomba yenye nguvu ya kufika juu ni nadra.

Asiye na pesa zote leo anaweza kuinua kuta, kupiga paa la digrii 40 na kuweka boriti nene, kisha kuacha sakafu na kuta za ndani hadi mwaka ujao. Ngazi tu ndiyo isicheleweshwe. Familia zinazoanza na ngazi ya kuegemeza, ile ya fundi wa rangi, hukaa nayo miaka, na watoto hushuka nayo gizani umeme ukikatika. Na ngazi ya kudumu itue salo, mbele ya macho ya watu. Ukiiweka karibu na mlango wa nyuma, kijana wa miaka 17 atakuwa amepata nyumba yake mwenyewe.