Wingu Jeusi Si Adui, Ndugu Mwandishi

Kwenye kila uzinduzi wa riwaya ya fantasia huku kwetu kuna swali ambalo lazima liulizwe: msukumo umeupata wapi? Na jibu linajulikana kabla kipaza sauti hakijamfikia mwandishi. Eti tangu utotoni amevutiwa na vita vya nuru na giza, na katika kitabu hiki, ambacho ndicho chake cha kwanza, amejitahidi kuweka uwiano wa wema na uovu. Makofi. Picha. Soda. Halafu unakifungua kitabu, na ukurasa wa kwanza tu wingu jeusi linatanda juu ya mlima, na chini ya wingu anakuja mfalme mwenye joho jeusi, amepanda farasi mweusi.

Farasi, Moshi hii. Punda wote wa Boma Ng'ombe hawakuonekana.

Farasi nitamsamehe. Wingu silisamehe. Mtu aliyekulia kati ya Arusha na Moshi anawezaje kuliandika wingu jeusi kama dalili ya uovu? Nenda Simanjiro wakati vuli imechelewa, uwaambie wazee kuna wingu jeusi linakuja, uone nani atakimbia. Kwa Wamaasai Engai, yaani Mungu, ana sura mbili. Engai Narok, mweusi, ndiye mpole, mwenye mvua na majani. Engai Nanyokie, mwekundu, ndiye wa hasira na njaa. Weusi ni baraka! Kinachotisha ni anga tupu, wiki baada ya wiki, kama lile la ukame wa 2009 uliomaliza ng'ombe Longido na Monduli. Ukitaka kumtia hofu msomaji wa huku, mwandikie asubuhi nzuri ya jua, mbingu safi kabisa, na ng'ombe wasioweza kuinuka. Hapo hutahitaji joho.

Na tazama vizuri: hao si Engai wawili wanaopigana. Ni mmoja. Hilo ndilo linalowapita waandishi wetu wapya, na ndilo ninalotaka kulisema leo hata kama nitaonekana mkorofi. Uwiano wa wema na uovu mnaouandika ni majeshi mawili yenye nguvu sawa, moja jeupe, moja jeusi, yanayokutana uwandani sura ya mwisho. Huku kwetu mambo hayajakaa hivyo. Kitu ni kimoja. Suala ni nani anakipata, lini, na kwa kipimo gani.

Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai uko hapo, hauombi kibali cha mtu. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati lava ya kawaida hupita 1,000. Inatiririka kama oili chafu ya gari, na mchana huioni ikiwaka, unaiona nyeusi tu. Ikipoa na kupata unyevu wa hewa, inageuka nyeupe. Mlipuko ulioanza 2007 ulimwaga majivu juu ya malisho ya watu. Na bado ni majivu ya volkano za ukanda huohuo, yaliyoanguka kwa maelfu ya miaka, yaliyoyapa majani mafupi ya nyanda za Serengeti madini wanayoyafuata nyumbu wakati wa kuzaa. Majivu yaleyale! Mwaka huu yanaua malisho, vizazi vijavyo yanayalisha. Mwandishi anayeishi saa chache kutoka hapo anakwenda kuazima joka la Ulaya.

Kwa nini nguvu sawa kwa sawa inaharibu riwaya? Kwa sababu ya hesabu. Pande mbili zikitoshana, hakuna upande unaoweza kushinda, kwa hiyo mwandishi analazimika kuchomoa kitu: upanga wa babu uliofichwa pangoni, au ndoto inayomwonyesha kijana neno la siri. Msomaji ananusa. Tena mwandishi wa mara ya kwanza hukitafuta kitu hicho akiwa amechoka, ameshaandika robo tatu ya kitabu, na upanga unatokea sura ya ishirini na nane wakati haukutajwa hata mara moja kabla yake.

Sasa tuje kwenye mfongo, mfereji wa asili wa Wachagga wa kumwagilia mashamba, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa. Mngekuwa mnautazama mfongo mnavyotazama sinema, tungekuwa na fantasia isiyo na mfano.

Mfongo unaanzia juu, mtoni au kwenye korongo, kwa banio la mawe, magogo na udongo. Toka hapo unazunguka ubavu wa mlima ukishuka polepole mno. Ukishuka kwa kasi, maji yanakula ukingo na mfereji unapasuka. Ukilala mno, mchanga unatuama na mfereji unajaa. Ukoo wa aliyeuchimba ndio wenye kauli. Ipo siku ya kuzibua, na asiyetokea anatozwa faini, zamani ilikuwa pombe au mbuzi. Maji yanakwenda kwa zamu, na ya usiku yanaweza kukingwa kwenye nduwa, yaani bwawa dogo, yafunguliwe asubuhi. Wachagga waliliendesha jambo hili karne kadhaa bila mita ya maji wala bili.

Mwovu wako anakaa juu ya mfereji. Hana pembe. Ana migomba inayokauka, ana mama mgonjwa ndani, na zamu yake ni Alhamisi. Jumanne usiku anaondoa jiwe moja. Moja tu. Kilometa tatu chini, mjane anaamka alfajiri na jembe begani anakuta tope. Hajui nani. Anamshuku jirani wa karibu, maana jirani wa karibu ndiye anayeonekana. Ugomvi unaanza chini, na aliyeondoa jiwe anashuka kuja kuwapatanisha, kwa sababu yeye ni mzee wa heshima na kweli ana huruma.

Huyo anatisha. Sasa toa maji, weka ajabu. Kinachopita mfereji huo kiwe miaka ya kuishi. Au sauti za waliokufa, kila boma linasikiliza wa kwake kwa zamu. Au usingizi. Kanuni zote unazo tayari: banio, zamu, siku ya kuzibua, faini, nduwa ya kukingia usiku. Hujabuni hata moja na msomaji wa Kibosho anazijua zote. Unachobakiza ni kuamua nini kinatokea mfereji ukipasuka, na nini kinaota pale ambapo mchanga umetuama. Wema na uovu hapo vinagawana banio moja, na hata shujaa wako, akipewa boma la juu, ataliangalia lile jiwe.

Halafu weka daftari la madeni. Mistari minne ya wima: nani, alitumia nguvu gani, alilipa nini, ukurasa wa ngapi. Kila uchawi unapotumika, jaza. Safu ya malipo ikibaki tupu mara tatu mfululizo, riwaya imeanza kuvuja, kwa kuwa msomaji ameshajua kwamba nguvu ni bure na hataogopa tena. Malipo yasiwe jasho na kuzimia. Hayo yanapona kwa kulala. Mtu apoteze kisichorudi, na apoteze kabla ya theluthi mbili za kitabu. Bora zaidi alipe mtu mwingine asiyehusika, na shujaa ajue.

Jaribio jingine, la nusu saa. Chukua sura ya kwanza ya mwovu. Futa "katili", futa "macho mekundu", futa kicheko (kile kicheko cha "ha ha ha" kifutwe hata bila jaribio). Iandike upya kwa nafsi ya kwanza, yeye mwenyewe ajieleze kurasa mbili. Kama hujapata hoja ambayo utahangaika kuijibu, huna mwovu, una kinyago. Akishapata hoja, sharti awe na haki katika mambo matatu kati ya matano anayogombana na shujaa. Ndiyo, matatu. Wengi wanampa moja, wanaona wamekuwa wakarimu.

Isale nalo, lile jani la amani la Wachagga, limelala tu pale mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Mtu akikuletea isale kuomba msamaha, ni vigumu mno kumkatalia. Hiyo ni kanuni ya kichawi iliyokamilika. Swali la riwaya: itakuwaje mtu akilileta mara ya tatu kwa kosa lilelile? Jani haliwezi kukataliwa, na kosa haliwezi kuvumiliwa. Mwandishi anayeshindwa kupata kurasa mia hapo auze kompyuta.

Hadithi ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro, kila mtoto anaijua. Masimulizi yanatofautiana, wengine wanasema ndugu, wengine mke na mume, lakini kiini ni kwamba Mawenzi anakuja kuomba moto, anapewa, anarudi tena, na mwishowe Kibo anamtwanga kwa mchi mpaka leo kilele kimechongoka. Nani mwovu hapo? Mvivu anayeacha moto uzime, au mkarimu aliyechoka ghafla? Hakuna anayejibu, na ndiyo maana hadithi haijafa.

Wanaotaka kutumia ukoloni kama jeshi la giza, polepole. Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, watu 19 siku ile, na ukoo wake umetafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka. Uovu wa wanyongaji hauna mjadala. Ila nyuma ya kamba ile kulikuwa na wamangi waliokuwa wakichongeana kwa Wajerumani, kila mmoja akiwa na sababu zake na watu wake wa kulinda. Ukiliruka hilo ili wazawa wote wabaki malaika, umeandika tangazo.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Uovu mtupu usio na sababu unafanya kazi. Fisi wa hadithi za bibi hana hoja, ana tumbo, na watoto wanamwelewa vizuri. Kwa kitabu cha kurasa arobaini, mwachie fisi tumbo lake. Na Wairaqw wa Karatu wanazo pande mbili zilizotengana hasa: Lo'a, mungu mama, wa jua, na neetlang'w, roho wa kwenye maji, wa kuogopwa. Lakini hata hapo, hatari inakaa palepale unapochota maji ya kunywa.

Hata pwani hawakuweka majeshi mawili. Fumo Liyongo hauawi na mfalme wa giza. Anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya kuahidiwa ndoa. Siri aliitoa baba mwenyewe, kwa upendo. Nguvu ina tundu moja, na tundu hilo liko ndani ya nyumba.

Kitu kingine kinachoniudhi, cha haraka: mlima wenyewe mnaukosea. Shujaa anatoka Moshi mjini, mita 800 na kitu, jioni, na alfajiri yuko Kibo kwenye mita 5,895 anapigana na upanga. Aisee. Juu kule oksijeni ni kama nusu ya pwani. Angekuwa anatapika, kichwa kinapasuka, hakumbuki jina la upanga. Mpe siku tano au sita, apite msitu, apite misenesio mikubwa, alale baridi. Kuna lobelia huko inayoshika maji katikati ya majani, usiku juu yake inaganda barafu na chini maji hayagandi. Mnaishi chini ya mmea wa namna hiyo halafu mnabuni "ua la uzima".

Na utangulizi wa historia ya falme saba uondoke. Ukurasa wa A5 unabeba maneno 300 hivi. Maneno 70,000 yanakupa kurasa kama 235, na mtambo unakula kwa fomu za kurasa 16, kwa hiyo utalipia 240. Falme saba zinakula fomu mbili nzima kabla mtu yeyote hajaondoa jiwe.

La mwisho ni namna mnavyommaliza mwovu. Mnamsukuma korongoni. Mbona upesi hivyo? Mfongo una faini. Mtoze. Apike mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Ndizi ziive kwanza, siku kadhaa. Zichemshwe kwa muda mrefu, ziachwe zichachuke siku nyingine kadhaa. Ulezi uoteshwe, ukaushwe, usagwe, upikwe uji, upozwe, uchanganywe, ulale, ndipo inyweke. Karibu siku kumi mwovu yuko hai, yuko uani kwake, na kila mtu wa mfereji anapita anamwona akikoroga. Wanasalimiana naye. Wengine wanamsaidia kubeba kuni, na hapo utajua nani alikuwa anafahamu habari za jiwe. Sura tatu hizo, bila damu. Kuna gome la msesewe la kutia uchungu. Akizidisha, kwa hasira au kwa makusudi, haitanyweka. Mpe mjane wa chini haki ya kuonja kwanza na kuimwaga yote. Akiimwaga, ndizi zikakatwe upya, na wewe una riwaya ya pili.