Kurudia jaribio la mwingine mwaka wa mwisho: nakala au utafiti?

Mwanafunzi wa saikolojia akisema mradi wake wa mwisho utarudia jaribio lililokwisha kuchapishwa, wasimamizi wengi humkunjia uso. Shahada, wanasema, ni mahali pa kujifunza kuuliza swali lako mwenyewe. Anayerudia la mwenzake ataonyesha nini akiomba nafasi ya uzamili? Hoja hiyo ina nguvu kwa anayefanya mahojiano ya kina, au aliyeona jambo ambalo bado halijaguswa. Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, tupige hesabu.

Mradi "mpya" wenye makundi mawili mara nyingi huishia na washiriki 40 hivi, 20 kila kundi, maana muda ni mfupi na mkusanyaji ni mmoja. Tuseme tofauti anayoitafuta ipo kweli na ni ya wastani, d ya 0.5 (d ni kipimo cha ukubwa wa athari, yaani tofauti ya makundi mawili ikilinganishwa na mtawanyiko wa majibu). Kwa kigezo cha p chini ya 0.05 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu, ilhali kwa kweli haipo), uwezekano wa kuinasa ni kama mmoja kati ya mitatu. Kufikisha uwezekano huo asilimia 80 kunahitaji washiriki 64 kila kundi. Na kuna ubaya mwingine usiosemwa sana: kwa watu 20 kila kundi, tofauti itakayoonekana katika data ikiwa chini ya 0.64 haivuki kigezo hata kidogo. Maana yake, hata bahati ikimwangukia, ukubwa atakaouripoti lazima uzidi ule wa kweli. Akikosa, hatajua kama dhana yake ni mbovu au wavu wake ulikuwa na matundu makubwa. Upya wa swali haukumsaidia kitu hapo, labda kumzoeza kuandika "utafiti zaidi unahitajika".

Mwenye kurudia anaweza kuungana na wenzake. Tangu 2013 mpango wa CREP (Collaborative Replications and Education Project) huwachagulia wanafunzi wa shahada ya kwanza majaribio ya kurudia, hukagua taratibu zao kabla hawajaanza kukusanya, kisha huunganisha data za vyuo mbalimbali. Wale 40 wa mmoja huingia katika mamia.

Anayerudia peke yake naye ana mtego wake: kukadiria sampuli kwa tarakimu za makala ya awali. Mwaka 2015, mradi uliorudia tafiti 100 na kuchapishwa katika jarida la Science ulikuta ukubwa wa athari umeshuka hadi nusu hivi kwa wastani. Makala ikisema d ni 0.6, hesabu ya ile asilimia 80 itakupa washiriki 45 kila kundi. Ukweli ukiwa 0.3, unahitaji 176. Kosa jingine ni kubadilisha vidogo vidogo: mizani ya majibu 7 inageuzwa 5, hojaji inafupishwa, halafu matokeo yakitofautiana hakuna ajuaye chanzo. Waombe waandishi vifaa vyao mapema, na usajili mpango wa uchambuzi kabla ya mshiriki wa kwanza.

Msimamizi anayedai upya naye anaweza kuridhishwa bila kuharibu kitu. Mwanafunzi aongeze kipimo kimoja cha swali lake mwenyewe, akiweke baada ya taratibu zote za awali kukamilika. Kikiwekwa katikati, kinaweza kuyagusa majibu yanayofuata, na hapo hayo si marudio tena.