Makungwi, Wafundeni na Mabwana Harusi

Mji wetu wa Tanga unasifiwa kwa mahaba, lakini taja BDSM barazani uone: astaghfirullah, na mazungumzo yameishia hapo. Mimi naomba tuendelee kidogo. Watu wa BDSM, yaani watu wazima waliokubaliana kufungana kamba, kutawalana, hata kuumizana kidogo, wana adabu ambayo ndoa nyingi za huku hazina.

Adabu hiyohiyo ipo kwa wanaocheza michezo ya kuigiza mezani, ukoo wa Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia, kila mwingine ana mhusika wake, dadu zinarushwa, hadithi inakwenda. Wapo watu wanaofanya yote mawili, na sishangai. Kote mtu huvaa nafsi isiyo yake, akaonja hofu au unyonge huku akijua hatadhurika.

Usalama huo hutengenezwa. Watu wa BDSM hukaa chini kabla: hili nalitaka, lile silitaki, na neno fulani nikilitamka kila kitu kinasimama. Wengine hutumia rangi za taa za barabarani, njano ya kupunguza, nyekundu ya kuacha. Wakimaliza hawaachani hivihivi. Hupeana maji, shuka, maneno ya upole. Wachezaji wa mezani nao wana kadi yenye herufi X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Ukiigusa, jambo lililokukera linaondolewa hadithini, wala huulizwi kwa nini. Hilo la kutoulizwa ndilo ninalolipenda zaidi, maana mtu akishalazimishwa kujieleza, ameshaanza kubembelezwa abadili nia.

Sasa rudi kwetu. Mimi nilifundwa. Nilifundishwa kunukia, kutandika, kumpokea mume, na nayaheshimu mafunzo yale mpaka leo. Lakini namna ya kusema "basi" nikasikilizwa, hiyo haikuwemo. Na sheria nayo imetuacha: ile ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 haimhesabu mume kuwa amebaka akimlazimisha mke ambaye hawajatengana. Ndiyo maana naona uchungu tunapowacheka watu wanaoulizana kwanza.

Sisemi kwamba kwao kote ni salama. Wapo wanaoficha ukatili nyuma ya ridhaa, na msimuliaji akiwa mbabe, kadi italala mezani bila mtu kuthubutu kuigusa. Neno lina nguvu pale tu ambapo mwenye uwezo wa kuumiza ameshakubali kulitii.

Kwa hiyo makungwi wa Ngamiani na Makorora, mama zangu, nawaomba. Mkimaliza kumfunda bibi harusi, mwiteni na bwana harusi. Wakae wawili, wachague neno lao. Kisha bwana aambiwe mbele yenu kwamba likitamkwa anaacha palepale, hata ukiwa usiku wa kwanza, na haulizi kwa nini.