Ukubwa wa Kanumba, Ukiutazama Ukiwa Mwanza

Wiki iliyopita nilikuwa Makoroboi, hapa Mwanza mjini, kwenye kibanda cha kijana anayewekea watu muvi kwenye flashi. Mbele yangu alisimama mama mmoja na ndoo mbili za plastiki, anawahi meli ya Nansio. Akatoa flashi iliyofungwa uzi mwekundu ili isipotee ndani ya pochi, akasema, "Niwekee za Kanumba, mwanangu. Zote ulizonazo."

Kijana akamjibu kwa heshima kabisa. "Mama, hizo za zamani, sauti zinakwaruza. Nikuwekee za Kikorea zilizotafsiriwa, utafurahi mwenyewe."

"Weka hizo hizo."

Mama akaondoka na flashi yake, ubishi ukabaki pale. Kijana, ambaye alikuwa mtoto mdogo mwigizaji Steven Kanumba alipofariki, anasema yule alikuwa jina tu: muvi zinavutwa weee, Kiingereza cha kuokoteza, hadithi zimechukuliwa Nigeria. Fundi simu wa meza ya pili, mtu wa rika langu, alikasirika hasa. Bila Kanumba, alisema, mwigizaji wa filamu nchi hii angekuwa bado anaonekana mhuni aliyekosa kazi. Maneno yao nimetembea nayo siku kadhaa. Kila mmoja ana la kweli, lakini nadhani jambo lenyewe alilisema yule mama bila kukusudia: aliomba filamu kwa jina la mtu, hakutaja jina la filamu hata moja.

Steven Kanumba ni mtu wa huku kwetu. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka hapa. Alisoma shule ya msingi Bugoyi, akaenda Mwadui, mji wa mgodi wa almasi, kisha akahamia Dar es Salaam kuendelea na masomo. Mwaka 2002 akajiunga na Kaole, kundi la sanaa ambalo maigizo yake ya ITV yalikuwa yanafanya mitaa iwe mitupu jioni. Kutoka Kaole akaingia kwenye filamu, na kufikia 2006 alikuwa ameshacheza Dar to Lagos pamoja na Wanaijeria, Mercy Johnson akiwa mmoja wao. Baadaye alimleta Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Kuhusu kifo cha usiku ule mahakama ilishatoa hukumu yake mwaka 2017, nami sina la kuongeza. Kwa bahati mbaya mazungumzo mengi juu ya Kanumba huanzia usiku ule na kuishia hapo hapo, kazi yake ikabaki haijaguswa.

Basi tuiguse kazi. Je, alikuwa anajua kuigiza?

Nilimfahamu kwenye banda umiza, yaani kibanda cha kulipia kutazama muvi, Mabatini. Benchi za mbao, televisheni yenye chogo, spika mbili zimening'inizwa kwa waya, na turubai mlangoni kuzuia mwanga na watoto wasiolipa. Mle ndani walikuwamo wabeba mizigo, makonda waliomaliza zamu, wavuvi waliotoka kuuza samaki soko la Mwaloni wakingoja usiku urudi. Si watu wa kunyamaza. Muvi ya mapigano walikuwa wanaitolea maelezo mwanzo hadi mwisho. Lakini Kanumba alipofika mahali pa kulia, banda lilitulia. Namkumbuka vizuri kwa sababu hakulia kama wengine, wale wa kujifunika uso na kutikisa mabega. Alikuwa anaacha macho wazi, anashusha sauti badala ya kuipandisha, na chozi linashuka akiwa bado anaendelea kuongea. Mwanamume mzima analia bila kujificha, mbele ya wanaume waliofundishwa tangu utotoni kwamba hilo halifanyiki. Hicho si kitu kidogo. Kwenye filamu alizocheza na watoto, kama Uncle JJ, alilegea zaidi, akacheka, akachezewa na watoto, na hapo ndipo naona kipaji chake kilipumua kuliko popote.

Upande wa pili nao una haki yake. Kijana wa Makoroboi hasemi uongo anaposema muvi zinavutwa. Gari linaingia getini, geti linafunguliwa, linafungwa, mtu anashuka, anapanda ngazi, anagonga mlango: dakika tatu zimekwisha na hakuna kilichotokea. Sebule zile zile za Dar, makochi yale yale, tajiri mwenye suti anayegombana na mke. Hadithi nyingi zilikuwa na harufu ya Nigeria kuanzia mchungaji wa uongo hadi mchawi wa familia. Na ukimtazama Kanumba filamu kumi mfululizo, unaanza kuona chozi lile lile linatumika kufunika skripti isiyokuwa na kitu. Mimi husema alikuwa mwigizaji mzuri aliyepata hadithi nzuri chache mno, na mara nyingine hadithi zile mbovu alizichagua mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa mzalishaji.

Halafu kuna majina. Filamu za Kiswahili, zinazoongea Kiswahili, kwa watu wa Kiswahili, zikaitwa kwa Kiingereza karibu zote. Wanaomtetea wana hoja nzito hapa. Kanumba alitaka soko kubwa. Filamu za Bongo zilikuwa zinavuka kwenda Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo. Sisi wa kanda hii tunalijua hilo kwa macho, kwa sababu mizigo mingi ya kwenda nchi hizo inapita mikononi mwetu. Jina la Kiingereza na maandishi ya Kiingereza chini ya picha vilikuwa tiketi ya kuvukia mpaka. Na mtu aliyetoka Shinyanga akasimama sawa na staa wa Lagos kwenye kava moja aliwaambia vijana wengi kwamba inawezekana. Siwezi kulidharau hilo, nami nilikuwa mmoja wa vijana hao.

Ila tazama kilichotokea kwa mnunuzi wa huku. Mama wa Igoma au Sengerema hakuweza kulisoma jina, na hata akilisoma halikumwambia kitu. Kwa hiyo akaomba kwa sura: "ile ya Kanumba na Ray," "ile ya Kanumba na watoto." Sura ikawa ndiyo jina la filamu. Msambazaji naye akalielewa hilo haraka kuliko wasanii. Akawa ananunua sura. Ukipeleka filamu yenye hadithi nzuri na watu wasiojulikana, hata kuitazama haitazami, anauliza tu, "Kwenye kava kuna nani?" Pesa yote ikaishia kwenye sura, na mwandishi wa skripti, mtu wa sauti na mwongozaji wakagawana makombo. Ndiyo maana sauti zinakwaruza mpaka leo kwenye flashi ya yule mama.

Utaratibu wenyewe uliitwa kuuza masta. Unapiga filamu kwa pesa za kuungaunga, unaikata sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe DVD mbili, unampelekea msambazaji, anakulipa mara moja, mnaagana. Rafiki yangu mmoja wa Nyegezi alinionyesha mkataba aliosaini wakati ule na msambazaji mmoja ambaye sitamtaja. Ni ukurasa mmoja. Juu jina la filamu, katikati kiasi cha pesa, chini mstari unaosema ameuza haki zote, bila kutaja mwisho wala nchi wala njia. Pesa ile ililipa deni la kamera na chakula cha wasanii, ikabaki nauli. Leo filamu hiyo iko YouTube kwenye akaunti asiyoijua, na mara moja moja anaifungua kuangalia wangapi wameitazama. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999, lakini sheria haimsaidii mtu ambaye amekwisha kuiuza haki yenyewe kwa saini yake.

Mtu anayelipwa mara moja tu kwa kila filamu ataishije? Atapiga nyingine, na nyingine, haraka iwezekanavyo. Kasi ile tunayoilaumu kwa Kanumba na wenzake ilikuwa hesabu ya tumbo. Na hapa namtetea waziwazi: yeye alianzisha kampuni yake, akajaribu kuwa mwenye mali badala ya kibarua wa sura yake mwenyewe. Wachache wa wakati wake walifika hapo.

Watu hupenda kusema Bongo Muvi ilikufa na Kanumba. Ni maneno matamu ya msibani, lakini hayajitoshelezi. Kuchoma CD kulikuwa kumeshika kasi yeye akiwa hai. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye CD na DVD, biashara ikawa ngumu zaidi kwa waaminifu huku wachomaji wakiendelea. Kisha simu janja zikafika hadi visiwani, na nani anunue DVD wakati anaweza kupata muvi kumi kwenye memori kadi? Hata angeishi, soko lile lingemwangukia. Swali langu ni jingine: kwa nini lilipoanguka halikubaki kitu cha kushika?

Nikiwaza hilo huenda moja kwa moja Kisesa, nje kidogo ya jiji, kwenye makumbusho ya Bujora, ambako kila Juni ngoma za Wagika na Wagalu hushindana. Asiyewahi kuona aje aone. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Hakuna jopo la majaji linaloweza kubishana na migongo ya watu wanapokuhama. Mchezaji atacheza na nyoka, ataleta vinyago, manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi, atatunga wimbo mpya wa mwaka huo, yote ili watu wasigeuke. Kwa kipimo hicho cha Kisukuma, Kanumba alishinda, na alishinda vibaya sana. Tarehe 10 Aprili 2012 umati ulijaa viwanja vya Leaders na njia ya kwenda makaburi ya Kinondoni, watu wakazimia, na huku Kanda ya Ziwa redio zilipokuwa zikitangaza wauza samaki waliacha mizani. Anayesema yule alikuwa jina tu inabidi anieleze umati ule ulilia nini.

Lakini ngoma ile ile ina fundisho la upande wa pili. Wagika na Wagalu walianzishwa na watu wawili, Ngika na Gumha, waliokufa zamani sana. Umati ulikuwa wao, sifa ilikuwa yao, na walipoondoka makundi yakaendelea kushindana hadi leo, kwa sababu nyuma ya kila manju kulikuwa na vijana wanaofunzwa, wanaojua nyimbo, mwenye kipaji akifuata manju hata kabla hajafa. Kanumba naye alitoka kwenye kundi. Kaole ilikuwa hivyo hasa: watu wanafanya mazoezi pamoja, mkubwa anamwonyesha mdogo, leo wewe ndiye bosi kesho mpika chai. Filamu ilipoanza kulipa sura, mastaa wakatoka kila mtu na njia yake, na hakuna aliyerudi kujenga kundi jingine la namna ile. Hili namlaumu Kanumba kidogo, na nalaumu wasambazaji zaidi, na sisi watazamaji tuliokuwa tunauliza "yupo nani" kabla ya kuuliza "inahusu nini" hatuwezi kukwepa.

Liko jingine linaloniuma kama mtu wa ziwani. Kanumba aliondoka huku akiwa kijana na kipaji chake kikaonekana kikiwa Dar. Sura ilikuwa yetu, sebule ilikuwa ya Mbezi. Sidhani alikuwa na njia nyingine. Kamera zilikuwa Dar, televisheni ilikuwa Dar, msambazaji alikuwa Kariakoo. Leo kisingizio hicho kimepungua. Simu inapiga picha safi kuliko kamera walizotumia wao, na chaneli za filamu za Kiswahili zinanunua kazi kutoka popote. Bado vijana wa Mwanza wanaonijia wananiuliza nauli ya Dar kabla ya kuniuliza habari ya skripti.

Si wote. Kuna kundi moja la vijana Igoma linalokutana Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, watu kumi na mmoja. Mwezi uliopita niliwakuta wakipiga kipande cha filamu fupi karibu na kivuko cha Kamanga, hadithi ya ndugu wawili wanaogombea mtumbwi wa marehemu baba yao. Kijana aliyekuwa analia alilia kama Kanumba, macho wazi, sauti chini, alikuwa amemsoma vizuri. Mwongozaji wao, dada wa miaka kama ishirini na miwili, akasimamisha kamera. "Kaka, hiyo ya Kanumba tumeiona. Baba yako wewe alipofiwa alifanyaje?" Kijana akafikiri. Akasema baba yake alikwenda kufunga mbuzi upya, mbuzi ambaye tayari alikuwa amefungwa. Wakarudia. Safari hii alishika kamba ya mtumbwi, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, na hakulia kabisa.

Filamu hiyo ina jina la Kiswahili. Hakuna sura inayojulikana ndani yake, na yule dada ameniomba nimsaidie kuandika mkataba wa watu kumi na mmoja kabla hajaipeleka kwa mnunuzi yeyote. Tumeanza na mstari wa haki: nani anauza, kwa muda gani, kwa njia ipi, na itakapoisha inarudi kwa nani.